Masafa Kwanza, Redio Baadaye

Magorofa ya Tassia yamebanana, na mlinzi wa geti la mbele humtegemea mwenzake wa geti la nyuma kupitia redio koli. Kamati ya nyumba ikiamua kuhama kutoka bendi ya VHF kwenda UHF, ina sababu nzuri: mawimbi ya UHF ni mafupi, nayo hujipenyeza vyema zaidi kwenye madirisha, ngazi na korido za zege, ilhali VHF hufaa zaidi nyanda za wazi. Tatizo ni utaratibu wa kununua. Redio za mtumba husakwa kwanza, labda Luthuli Avenue, kisha ndipo watu huulizana zitatumia masafa gani. Naona utaratibu huo ugeuzwe: masafa yajulikane kwanza, halafu kila redio ikaguliwe kwa masafa hayo kabla ya pesa kutoka.

Jaribio la dukani halitoshi. Unaita hapa kaunta, mwenzako anaitika kule mlangoni, mnafurahi. Kilichothibitishwa ni kwamba redio hizo mbili zinasikizana kwenye masafa aliyoziwekea mwenye nazo wa zamani. Kuhusu masafa mnayohamia hamjajua lolote. Chukua Motorola GP340. Umbo ni moja, lakini ilitengenezwa kwa bendi tofauti, na siri iko kwenye namba ndefu ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha mgongoni: inayoanza na MDH25K hufanya kazi kati ya MHz 136 na 174, MDH25R kati ya 403 na 470, MDH25S kati ya 450 na 527. Mkipewa MHz 425, ile ya S haitafika huko ingawa nayo ni UHF. Antena pia ikaguliwe. Robo ya wimbi la MHz 150 ni kama sentimita 50, ya MHz 450 ni kama sentimita 17, kwa hiyo antena ya bendi moja kwa kawaida haifai bendi nyingine hata kama inaingia vizuri kwenye skrubu.

Kuna pia upana wa chaneli, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Marekani iliwalazimisha watumiaji wengi wa redio za kazi kuhama kutoka chaneli za kHz 25 hadi 12.5 kufikia tarehe 1 Januari 2013, na redio zisizoweza kutumia chaneli nyembamba kiasi hicho zikakosa kazi huko. Redio ya namna hiyo ikiwekwa kwenye mtandao wa chaneli nyembamba, sauti yake husikika imekwaruza, na mawimbi yake humwagikia chaneli ya jirani.

Wapo watakaosema fundi atazipanga upya. Fundi mwenye kebo na programu sahihi hubadilisha masafa ndani ya bendi ya redio. Saketi zilizoundwa kwa VHF hazigeuki UHF kwa kompyuta. Wengine watasema bei ni ndogo, hasara itavumilika. Lakini Kenya imeshaonja hasara ya aina hii: matangazo ya televisheni ya dijitali yalizinduliwa Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, baadaye nchi ikachagua DVB-T2, na ving'amuzi vya mfumo wa kwanza havikuweza kuupokea wa pili. Kwa mlinzi hasara ni nzito kuliko kukosa kipindi, kwani redio isiyosikika usiku wa wizi au moto ni hatari kwa waliolala juu yake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la redio za bei nafuu za bendi mbili, kama Baofeng UV-5R, inayoshika MHz 136 hadi 174 na 400 hadi 520. Kweli, tatizo la bendi linapungua sana. Hata hivyo uwezo wa kufika kwenye masafa si ruhusa ya kuyatumia, na redio inayopangwa kwa vitufe vyake yenyewe inaweza kumtupa mlinzi kwenye chaneli ya watu wengine, pengine ya huduma za dharura. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo hugawa masafa na kuidhinisha vifaa. Kama walinzi ni wa kampuni, kamati iombe kwa maandishi masafa iliyopewa kampuni hiyo, upana wa chaneli, na kama mtandao ni wa analogi au dijitali. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani, na namba kamili ya modeli iandikwe kwenye risiti.