Miche ya Mianzi ya Chupani na Umri wa Kichaka Mama

Mwanzi ni wa jamii ya nyasi, lakini spishi zake nyingi huchanua mara moja tu maishani na kisha hufa: Melocanna baccifera ya Mizoram, India, huchukua takribani miaka 48, na Phyllostachys bambusoides, inayopandwa Japani, takribani miaka 120. Kwa kuwa mbegu ni adimu kiasi hicho, na hata zikipatikana huharibika upesi, mkulima hulazimika kuchimba vipande vya shina linalotambaa ardhini, kazi nzito isiyoweza kutosheleza shamba kubwa.

Ukuzaji kwa tishu, yaani kuotesha kipande kidogo cha mmea ndani ya chupa isiyo na vijidudu, huziba pengo hilo. Fundi hukata kifundo chenye jicho, pale pingili mbili zinapokutana, hukisafisha kwa spiriti na klorini, kisha hukisimamisha juu ya jeli ya agari yenye madini, sukari na saitokinini, ambayo ni homoni ya kuchochea machipukizi. Kwa mwanzi, hatua hii ina mitihani yake, kwa sababu baadhi ya bakteria huishi ndani ya tishu ambako dawa haifiki, na huweza kujitokeza kama utando mweupe kwenye kitako cha kipande wiki kadhaa baada ya chupa kuonekana safi kabisa. Machipukizi yakishaongezeka huhamishiwa kwenye oksini, homoni ya mizizi, na hatimaye huzoeshwa kitaluni penye unyevu mwingi, maana majani yaliyokulia chupani hayana nta ya kutosha kuzuia maji yasipotee.

Jambo linalostahili kupewa uzito kuliko yote hayo ni umri. Mche uliotokana na kichaka cha zamani ni mwendelezo wa kichaka hichohicho, hata ukionekana mchanga, na kwa kawaida huchanua mama anapochanua, hivyo maelfu ya miche ya mama mmoja yanaweza kufa kwa mkupuo. Ni kweli kwamba mwaka 1990 watafiti wa Pune, India, walitangaza katika jarida la Nature kwamba mianzi ilichanua na kutoa mbegu chupani kabla ya wakati wake, ugunduzi mkubwa kwa wanaotaka kuchanganya spishi. Lakini kwa mkulima anayetaka nguzo, au ulanzi, yaani pombe ya mwanzi, kama ilivyo Iringa na Njombe, kuchanua mapema ni hasara tupu. Kila kitalu kinachouza miche hii kingepaswa kueleza kichaka mama kiliota kwa mbegu ya mwaka gani, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa.