Deni la shilingi 2,000: za Kenya au za madafu?

Leo naleta jambo la nyumbani kwetu Rombo, maana naona linagusa wengi wenye ndugu pande zote mbili za mpaka.

Shangazi yangu aliolewa Taveta, ng'ambo tu ya Holili. Mwaka 1972 marehemu baba alimkopesha shemeji yake shilingi 2,000, hela ya kahawa ya msimu mzima, ili afungue duka. Waliandikiana karatasi. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa, deni likalala, na wazee wote wawili wakatangulia mbele ya haki.

Mwezi uliopita binamu yangu wa Taveta alikuja akaweka mezani noti mbili za elfu moja za Kenya. Akasema, "Kaka, deni la mzee nimelimaliza." Kaka mkubwa akang'aka kwamba hiyo ni dharau. Binamu naye akajibu, "Mlitaka za kwenu? Elfu mbili ya madafu hata nauli ya kunirudisha nyumbani haitoshi!" Kikao kikavunjika. Shangazi, ambaye bado yu hai, aliondoka analia.

Nikaichukua ile karatasi kuisoma. Imeandikwa "shilingi elfu mbili" basi. Za nchi gani, haisemi. Kumbe wazee hawakusahau. Wakati ule hapakuwa na haja ya kusema.

Tuanze mwanzo. Tangu 1921 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni ya Uingereza. Mwaka 1966 kila nchi ilianzisha benki kuu yake na shilingi yake, lakini thamani ikabaki ile ile: moja kwa moja, na dola ya Marekani kwa shilingi 7.14. Hata mwaka 1972 bado zilikuwa sawa.

Sasa angalieni shilingi moja ya Kenya ilivyokuwa sawa na shilingi ngapi za Tanzania, kwa makadirio ya wastani wa viwango rasmi vya mwaka:

1972: 1
1985: 1 na senti chache
1990: 8 na nusu
1995: 11
2000: 10 na nusu
2005: 15
2010: karibu 18
2015: 20

Mwaka 1985 ndio wa kuchekesha. Benki zilisema dola ni kama shilingi 17 na nusu kwetu na 16 na ushee Kenya, eti tuko karibu sawa! Waliokuwepo wanajua hali halisi. Vita vya Kagera, mafuta kupanda bei na mashirika ya umma kuendeshwa kwa hasara vilitukausha fedha za kigeni, na bei za vitu zikawa zinapanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Serikali ikagoma kushusha shilingi kama IMF ilivyotaka. Kiwango cha magendo kikawa mara kadhaa ya kile cha benki. Kwa hiyo shilingi haikuanguka ghafla mwaka 1986, Mzee Mwinyi alipokubaliana na IMF. Ilikuwa imeshaanguka zamani, karatasi za serikali ndizo zilikuwa hazijakubali. Dola ikafika shilingi 64 mwaka 1987 na 195 mwaka 1990.

Na wenzetu nao hawakupona. Mwaka 1992 dola ilikuwa kama shilingi 32 za Kenya. Mwaka uliofuata, Kenya ilipoachia soko, wastani ukawa 58. Ndiyo maana miaka ile pengo letu lilipungua kidogo kabla ya kupanuka tena.

Hapa ndugu zangu wa Kenya wanaopenda kutucheka pale Namanga wanisikilize. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa kama shilingi 130 za Kenya, na yeni za Japani karibu 150. Je, Kenya ni tajiri kuliko Japani? Ukubwa wa namba si hoja. Hoja ni fedha imepoteza kiasi gani kutoka pale ilipoanza.

Turudi kwenye deni. Shilingi 2,000 za mwaka 1972, za nchi yoyote, zilikuwa dola 280. Tukichukua dola kwa 2,500 zetu na 130 za Kenya, hizo ni Tsh 700,000 au Ksh 36,400. Binamu alileta Ksh 2,000, yaani kama Tsh 38,000. Kwa hiyo hata hizo shilingi "ngumu" zimeliwa mara 18. Zetu zimeliwa mara 350. Na dola yenyewe nayo haikubaki ilivyokuwa 1972, kwa hiyo hata laki saba ni hesabu ya kumwonea huruma mdaiwa.

Binamu hakudanganya, karatasi inasema elfu mbili. Kaka naye hakukosea kuhisi ameibiwa. Ila aliyemwibia si binamu. Ni miaka hamsini na ushee ya bei kupanda, na hakuna kati yao aliyeipanga.

Msimamo wangu: apunguziwe, alipe Ksh 20,000, na hela yote apewe shangazi, kwa sababu duka lile ndilo lililomlea binamu, na yeye ndiye kiungo kilichobaki kati ya nyumba hizi mbili. Kaka hataki kusikia. Kikao kingine ni Jumamosi.

Wadau mnasemaje? Na kama unamkopesha ndugu aliye ng'ambo ya mpaka, tafadhali andika ni shilingi za nchi gani. Bora zaidi, andika mtalipana magunia mangapi ya mahindi.

Naomba kutoa hoja.