Funza, Sakafu na Jirani Yetu

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mdudu mdogo ambaye katika nyumba nyingi hutajwa kwa sauti ya chini. Mdudu huyo ni funza. Wengi wetu twamjua, lakini ni wachache wajuao jinsi anavyoishi, na kwa sababu hiyo twapigana naye kila mwaka bila kumshinda.

Funza ni aina ya kiroboto. Hakuzaliwa katika nchi hii. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na mwaka 1872 aliletwa Angola kwa merikebu iliyotoka Brazil. Tangu hapo alisafiri pamoja na watu, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kufika Afrika ya Mashariki. Basi mtu akisema kwamba funza ni laana ya ukoo fulani, au kwamba ametumwa na wachawi, na akumbuke ya kuwa mdudu huyu alikuja juzi tu, tena alikuja kwa njia inayojulikana.

Sasa na tuangalie maisha yake. Jike, ambaye hata hafiki milimita 1, huingia katika ngozi kwa kutanguliza kichwa. Huacha nje ncha yake ya nyuma tu, na hicho ndicho kidoa cheusi tukionacho mguuni. Kwa ncha hiyo hupumua, na kwa ncha hiyo hutoa mayai. Akiwa ndani hunywa damu, na baada ya siku 7 hivi amevimba kama punje ya njegere. Kwa muda wa majuma mawili hutaga mayai mia na zaidi, kisha hufa mumo humo ndani ya ngozi. Mayai huanguka sakafuni, huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na mabuu yake huishi katika vumbi kavu, penye nyufa na uvunguni mwa kitanda. Baada ya majuma 3 au 4 wamekuwa viroboto wazima, nao hutafuta mguu wa kuingia. Kwa hiyo kutoa funza miguuni bila kutunza sakafu ni kuteka maji kwa pakacha.

Je, tufanye nini?

Kwanza, sakafu. Iliyo njema kuliko zote ni ya saruji, lakini asiye na saruji asikate tamaa. Na anyunyize maji kabla ya kufagia, afagie kila siku mpaka uvunguni, azibe nyufa, na kuikandika sakafu kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe na majivu. Funza hupenda vumbi, ndiyo maana huzidi wakati wa kiangazi. Wakiwa wengi sana, sakafu na ipuliziwe dawa ya viroboto, kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa kwenye chupa.

Pili, wanyama. Mbwa, paka, nguruwe, mbuzi na panya huingiwa na funza kama sisi, nao hudondosha mayai kila walalapo. Mifugo isilale chumba kimoja na watoto. Chakula kifunikwe na mashimo yazibwe, ili panya wasipate makao.

Tatu, miguu. Ioshwe kwa sabuni kila jioni na kukaguliwa kati ya vidole, kwenye kucha na kisigino. Mwenye viatu avivae. Pini moja isitumiwe na watu wawili, kwa kuwa yaweza kuchukua UKIMWI na homa ya ini, na kidonda kichafu huleta pepopunda. Wala tusitie miguuni mafuta ya taa au dawa za shambani. Twende kituo cha afya. Siku hizi kuna mafuta mepesi yaitwayo dimetikoni, yaliyojaribiwa hapa Kenya, ambayo huziba ile ncha ya kupumulia, na mdudu hufa bila kuchimbwa.

Wapendwa, sasa twaja kwenye neno zito. Mtu aliyeshikwa sana na funza, mara nyingi ndiye asiyeweza kujiondolea. Bibi kizee akaaye peke yake hawezi kuinama afagie, wala hazioni nyayo zake, na mto uko mbali. Mtoto ambaye vidole vyake vya mkono vimeingiwa hawezi kushika kalamu. Wenzake humcheka, naye huacha shule. Je, kanisani mwetu? Watu kama hao huketi karibu na mlango, au hawaji kabisa, nasi twasema ni wavivu. Tena nyumba yetu ikiwa safi, mbwa wa jirani hupita uani kila siku, na watoto wetu hucheza huko kwao.

Bwana Yesu alipochukua maji na kitambaa, akawaosha wanafunzi wake miguu, hatusomi kwamba alimwuliza mmoja wao vumbi lile amelitoa wapi.

Basi twawaomba akina mama, vijana na wazee wa kanisa, chagueni nyumba moja tu juma hili. Mwombeni kwanza mwenyewe ruhusa, kwa heshima, bila kumtangaza. Pelekeni maji, sabuni, samadi na jozi ya viatu. Kandikeni sakafu, osheni miguu, na mgonjwa afikishwe kwa mganga wa kituo cha afya. Kisha rudini tena na tena kwa majuma manne, maana mayai yaliyokuwa yamebaki katika vumbi yatakuwa yanakomaa siku hizo. Wengi hufanya kazi ya siku moja, wakapiga picha, wakaenda zao, na funza wakarudi.

Bwana awe nanyi. Kwaherini mpaka juma lijalo.