Kabla ya Kuteremka Korongoni

Likizo za shule zikaribiapo, familia nyingi za pwani huanza kupanga safari ya bara. Mahali pamoja ambapo watoto hupaulizia sana ni Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984, na ni miongoni mwa chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli kati ya punda milia, twiga na kongoni. Ndani yake limo korongo la Ol Njorowa: njia nyembamba baina ya kuta ndefu za mwamba, na chemchemi za majimoto zinazotiririka mawemawe.

Ni mahali pazuri mno, na katika kuumba kwa Mola wetu mna mazingatio. Lakini hatuna budi kusema wazi: korongo hilo limeua. Mwezi wa Aprili 2012, vijana saba waliokuwa matembezini walichukuliwa na maji humo. Septemba 2019, watu saba wengine walifariki kwa namna ile ile, na Shirika la Wanyamapori (KWS) likalifunga korongo. Kwa hiyo jambo la kwanza, hata kabla ya kukata tiketi, ni kuwauliza KWS kama korongo li wazi, na kwa masharti gani.

Tufahamu hatari yenyewe. Sisi wa pwani tumezoea maji yanayopanda na kupwa kwa saa zake. Maji ya korongo hayana saa. Mvua hunyesha vilimani, mbali na macho, na maji yote ya miteremko hukusanyika katika mfereji ule mmoja mwembamba. Anayetembea chini huenda akaona anga nyeupe juu ya kichwa chake, hali gharika iko njiani. Kina hupanda kwa dakika chache, na kuta zilizonyooka hazimpi mtu pa kushika. Wala tusisahau kwamba likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika.

Basi tusiingie bila kiongozi anayetambuliwa na hifadhi. Tukiwa naye, tumwulize mambo mawili kabla ya kuteremka: je, kumenyesha vilimani leo au jana? Na njia za kutokea ziko wapi? Tukiwa ndani, maji yakigeuka kuwa ya tope, yakianza kuleta vijiti na majani, au kukisikika ngurumo kutoka juu ya bonde, tupande mahali pa juu palipo karibu mara moja. Tusikimbilie chini kufuata mfereji, wala tusirudi kuchukua mkoba au simu.

Lililo gumu zaidi ni kukubali kurudi. Familia iliyotoka Mombasa au Lamu imelipa nauli, imelala njiani, na watoto wamehesabu siku. Ikifika langoni na kuambiwa kwamba mawingu yamefunga vilimani, moyo husema: tumetoka mbali, tuingie kidogo tu. Hapo ndipo penye hatari. Twashauri uamuzi huo ukatwe nyumbani, baba, mama na watoto wakiwa pamoja: kiongozi akisema hapana, au hata mmoja wetu akiingiwa na hofu, tutarudi, wala hapatakuwa na lawama. Sehemu ya juu ya hifadhi, yenye wanyama na majabali, inatosha kuwafurahisha watoto. Kila mmoja wetu anakijua kisa cha bedui na ngamia wake: alifundishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Tawakuli haiwi kisingizio cha uzembe.

Kwa akina mama na mabinti, stara na usalama havigombani. Buibui refu hunasa miibani na hukanyagwa wakati wa kupanda mawe. Kanzu pana inayoishia juu ya vifundo, na suruali pana ndani yake, itafaa zaidi. Mtandio ubanwe vizuri, na viatu viwe vya kufunga, vyenye soli inayoshika. Watoto wadogo wasiachwe mkono penye majimoto, kwani yapo yanayounguza. Nyati tumkalie mbali, na nyani tusimwonyeshe chakula.

Tumalizie na haki ya mahali penyewe. Tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia katika hifadhi za taifa na plastiki za kutumia mara moja. Tuchukue maji katika chupa za kudumu, na taka zetu turudi nazo. Miamba ile ni laini, na jina linalochongwa leo halifutiki. Tuwakataze vijana wetu. Mawe na maua tuyaache yalipo. Na sheria yetu, inayokataza kujisaidia katika njia na vivuli vya watu, haikomi kwenye lango la hifadhi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi safari zetu, na awarudishe watoto wetu nyumbani salama. Amin.