Fahamu: Je, kumuudhi mtu mtandaoni ni jinai?

Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kifungu hicho kilimtia hatiani aliyetuma ujumbe wenye kuchukiza mno, au wa uongo kwa nia ya kumkera mwenzake. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Mahakama iliona maneno hayo ni mapana mno, raia hawezi kujua mapema lipi ni kosa. Nami naona ilipatia, kwani sheria isipoonyesha mpaka, mpaka huo huwekwa na askari wa zamu au mkubwa aliyekasirika.

Wapo wanaosema kwamba nchi iliyomwaga damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 haiwezi kuachia ndimi zisemee popote. Hoja hiyo ni nzito. Lakini Katiba ya 2010 haikuziachia: ibara ya 33 haikingi uchochezi wa vurugu wala kauli za chuki, na ibara ya 24 inamtwisha anayetaka kuminya haki mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuna njia nyepesi zaidi. Aliyechafuliwa jina naye ana kesi ya madai. Kuumiza watu ni jambo moja, kuwaudhi ni jingine kabisa. Kwa hiyo muswada mwingine wa mtandao ukiletwa, usome, kisha umuulize mbunge wako: unazuia madhara gani, na kwa nani?