Dudu Halina Jeshi: Muvi za Msoto na Njaa ya Boyoma

Mwaka wa 1953 huko Marekani, msee anaitwa Phil Tucker alitaka kutoa muvi ya roboti imetoka anga za juu kuja kumaliza binadamu. Doh ya kujenga roboti hakuwa nayo. Lakini alijua jamaa anaitwa George Barrows, na huyo Barrows alikuwa na vazi lake la gorila. Basi Tucker akachukua gorila, akamvisha helmeti ya wapiga mbizi, akaweka antena juu, kazi ikaanza. Roboti inaitwa Ro-Man. Ikitaka kuongea na wakubwa wake huko juu, inatumia mashine yenye inatoa mapovu ya sabuni. Siku nne, muvi imeisha: Robot Monster. Miaka zaidi ya 70 imepita na bado wasee wanaitafuta, wanaiweka, wanashika mbavu.

Maze, mimi nazipenda hizi muvi na roho safi. Muvi ya kutisha, ya sayansi ya uongo, imechapwa na doh ya chai, dudu lake unaona hadi zipu mgongoni. Kuna wasee wanazicheki juu ya kudharau mwenye alizitoa. Hao wanakosa utamu wote. Ukicheki Ro-Man anapanda kilima na hilo joto la gorila, unaona vitu viwili kwa mara moja: kile Tucker alitaka, na kile mfuko wake uliruhusu. Hapo katikati ndio wewe unaingia. Akili yako inamalizia kazi. Muvi ya mabilioni imeshakumalizia kila kitu, wewe kazi yako ni kukaa tu.

Ed Wood, mchapa muvi mwingine wa msoto huko Marekani, naye alikuwa na Bela Lugosi, yule mzee mwenye aliigiza Drakula. Lugosi akafariki mwaka wa 1956, ameacha picha kidogo tu za kupita hapa na pale. Wood hakutupa kitu. Alichukua daktari wa mgongo wa bibi yake, mrefu kushinda marehemu, akamwambia afunike uso na joho, wakaendelea. Hiyo ndio Plan 9 from Outer Space, visahani vya angani vinaning'inia kwa uzi. Wasee wameiita muvi mbovu kushinda zote duniani. Mimi naona mtu mwenye alikataa muvi yake ife na rafiki yake.

Sasa tukuje karibu. Kampala, mtaa wa Wakaliga, kuna jamaa anaitwa Isaac Nabwana, zamani alikuwa anafyatua matofali. Mwaka wa 2005 akaanzisha Ramon Film Productions, jina limetoka kwa majina ya nyanya zake wawili, Rachael na Monica. Dunia inaijua kama Wakaliwood. Kompyuta alikuwa anajiundia mwenyewe na vipande vikuukuu. Jamaa yake Dauda Bisaso anachomelea bunduki za uongo na mitambo na chuma zenye zimetupwa. Damu? Mwanzo walikuwa wanatumia ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja akagonjeka nayo. Wakahamia rangi ya chakula, wanaijaza kwa kondomu za bure, wanabandika kwa kifua, risasi ikilia inapasuka. Mtoto wa mtaa akiona hiyo damu inaruka, haulizi bajeti ilikuwa ngapi.

Who Killed Captain Alex? ilitoka mwaka wa 2010, na doh yenye inatajwa sana ni dola 200. Chopa za kompyuta zinalipua Kampala. Kapteni anauawa, ndugu yake mwenye anajua kung fu anaingia kulipiza, na hadi mwisho wa muvi hakuna mtu amejibu lile swali la jina. Nabwana hata hakubaki na muvi yake kamili. Kompyuta ilikuwa imejaa, ikabidi afute ndio apate nafasi ya kazi ingine. Yenye tunacheki leo ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, msimulizi wa muvi, juu yake, anaruka, anatania, anashangilia kabla ya kila ngumi. Na ni hiyo sauti ilifanya dunia ishtuke. Mwaka wa 2019 Crazy World, muvi ingine ya Nabwana, ikaonyeshwa kwa tamasha la muvi la Toronto usiku wa manane, kwa ile sehemu yenye imewekewa muvi za wazimu. Mwaka wa 2022 Wakaliwood ikaalikwa Ujerumani, Kassel, kwa yale maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta.

Hapo kwa VJ ndio nataka tukae kidogo. Wamarekani walianza mwaka wa 1988 kipindi cha runinga kinaitwa Mystery Science Theater 3000, mtu mmoja na roboti zake wanakaa mbele ya muvi mbovu wanaiongelea juu, na Robot Monster ilipitia mikononi mwao. Huku kwetu hiyo kazi ni ya mtaa, na watu hawakufundishwa na runinga. Dar kulikuwa na Lufufu, jina lake Derek Gaspar Mukandala, mwenye alichukua muvi za nje akazisimulia Kiswahili hadi watu wakatafuta kanda kwa jina lake, jina la mwigizaji wakasahau. Kenya tuko na DJ Afro, na kuna wasee wamekua wakiamini hiyo sauti ndio muvi yenyewe. Tofauti ni hii: zile roboti za Marekani zinaitania muvi kutoka nje. VJ anaingia ndani. Penye stori imeruka, yeye anaishona. Penye dudu halitishi, yeye anaogopa kwa niaba yako. Muvi ya msoto inahitaji huyo mtu kushinda inavyohitaji kamera nzuri.

Sasa beba haya yote upeleke Kisangani, huko Kongo. Watu wanaiita Boyoma, mji wa mto. Makiso, Mangobo, Kabondo na Tshopo ziko upande mmoja, Lubunga iko ng'ambo. Bwawa la mto Tshopo liko hapo hapo mjini, lakini stima inakuja na kutoka venye inataka, kwa hivyo kibanda cha vidio bila jenereta si kibanda. Muvi ya masaa mawili inabidi ikubali kukatwa katikati, na watu wakingoja mafuta wanasimuliana venye itaisha. Muvi mbovu inavumilia hiyo maisha vizuri. Ukikosa dakika 10 za Plan 9 hujapoteza kitu.

Lakini weka Captain Alex mbele ya mzee wa Boyoma, hali inabadilika. Huyo kapteni ni komando wa jeshi la Uganda. Juni mwaka wa 2000, kutoka tarehe 5 hadi tarehe 10, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani, makombora yanaangukia nyumba za watu wenye hiyo vita haikuwa yao. Raia mamia walikufa. Wengine walitoka bila mguu, bila mkono. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya miaka hiyo. Kwa hivyo chopa ya Nabwana, hata kama imechorwa na kompyuta ya msoto, kuna mama hapo nyuma ya kibanda atainuka atoke. Nabwana hana makosa. Yeye alikuwa anachapa muvi za komando venye alizipenda akiwa mdogo. Ila kicheko kinahitaji mahali salama pa kukaa, na bunduki Boyoma haijawa mahali salama.

Ukweli wa hiyo vita umepata mtu wake. Dieudo Hamadi, kijana wa Kisangani, alizaliwa mwaka wa 1984. Alipanda boti na walemavu wa hiyo vita, Vita vya Siku Sita, wakashuka mto hadi Kinshasa kudai haki yao, akawafuata na kamera. Hiyo muvi, En route pour le milliard, ikachaguliwa na Cannes mwaka wa 2020. Ukitaka kujua Boyoma ilipitia nini, anza hapo, na ukae kimya ukiicheki.

Ndio maana nasema muvi ya dudu inafaa Boyoma kushinda muvi ya komando. Dudu halina jeshi. Halina kabila, halina bendera, hakuna mtu alizikwa juu yake. Likitoka majini na macho ya balbu, mama na mtoto wa mtaa wataogopa pamoja na watacheka pamoja, na wakitoka nje hakuna mwenye amekumbushwa kaburi. Watoto wa mji wenye umeogopa kweli wana haki ya kuogopa uongo.

Na si ati misitu ya Kongo haijawahi kutumiwa na muvi. Mwaka wa 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart kuchapa The African Queen, sehemu yake ikachapwa mtoni karibu na Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, hapo hapo mkoa wa Tshopo. Ile sini ya ruba wamemganda Bogart mwilini, yenye watu walitetemeka nayo? Ilichapwa studio Uingereza, na Bogart alikataa ruba wa kweli, akabandikwa wa mpira. Akapata Oscar kwa hiyo muvi. Mwaka wa 1995 Hollywood ikatoa Congo, gorila za kijivu zinalinda mji wa almasi, kuna leza, kuna gorila mwenye anaongea na mashine. Ilikula kama dola milioni 50, mavazi ya gorila yalitoka kwa Stan Winston, msee mwenye alikuwa ametoka kusimamisha dinosa za Jurassic Park, na bado unaona ni watu ndani ya manyoya. Kutoka Tucker hadi hapo ni miaka 42, na bado ni gorila wa kuvaa. Tofauti ni kwamba Tucker hakuwa na milioni 50 za kujificha nyuma yake.

Hao wote walibeba madudu yao kwa mkoba, na mkoa wa Tshopo umejaa stori zenye hakuna mwandishi wa Los Angeles angefikiria. Mwaka wa 2007 watafiti walikuta huko Opala kima amefugwa nyumbani, uso wake mrefu, macho kama ya mzee mwenye anakuonea huruma. Wawindaji walikuwa wanamjua kitambo na jina lake, lesula. Sayansi ikamwandika mwaka wa 2012 kama aina mpya, na dume akikupa mgongo utaona makalio ya buluu. Halafu mto wenyewe. Sokwe wa kawaida wanaishi upande wa kulia wa Mto Kongo, bonobo upande wa kushoto, na maji ndiyo yamewatenga hadi wakawa viumbe wawili tofauti. Halafu Yangambi, kama kilomita 100 kutoka mjini ukishuka mto: kituo cha utafiti cha tangu enzi ya Wabelgiji, na katikati ya msitu mnara wa mita 55 wenye unapima pumzi ya miti, hewa ya kaboni inaingia ngapi, inatoka ngapi. Siku moja mnara usome kwamba msitu umeacha kupumua. Muvi imeanza.

Kwa hivyo wewe wa Lubunga, wewe wa Mangobo, mwenye uko na simu yenye kioo kimepasuka na mbogi ya watu sita. Usingoje kamera. Rangi ya chakula iko sokoni, kitambaa cha kijani kiko sokoni, na fundi wa kuchomelea hakosi mtaani. Chapa asubuhi mapema, jua likiwa bado poa. Usifiche zipu ya dudu. Tafuta kwanza yule rafiki yenu mwenye mdomo wake haufungi kwa nganda, yaani baa, mpe maiki, huyo ndio VJ. Na ukimaliza, weka nakala mahali pawili kabla hujafuta kitu kwa simu, ndio isikupate ile ilimpata Nabwana.