Tuicheke kemia, tusimcheke anayejifunza

Likizo iliyopita nilikuwa Kitale, nyumbani kwa binti yangu. Usiku mmoja baada ya chajio, mjukuu wangu aliye kidato cha tatu alitandaza vitabu mezani akaanza kazi ya kemia aliyotoka nayo shuleni. Swali la kwanza lilimtoa jasho. La pili likamkataa kabisa. Nikaona ameshika kichwa kwa mikono miwili, mabega yakitikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Babu, nimepata jibu," akaniambia huku akifuta machozi. "Hii chumvi kidogo ya kwenye swali ni nzito kuliko jua. Sasa mama akiitia kwa sukuma wiki, hiyo sufuria itatufikisha wapi?"

Mama yake akamkemea kutoka jikoni: "Wacha mchezo, fanya kazi. Ukicheka na nyani utavuna mabua!" Katika Trans Nzoia, ambako mahindi ndiyo karo, ndiyo chakula na ndiyo heshima ya mji, methali hiyo haihitaji ufafanuzi. Hata hivyo, nilimtetea mjukuu wangu, na leo nataka kumtetea mbele yako, mpenzi msomaji.

Swali lilimtaka atafute uzito wa idadi fulani ya chembe za chumvi. Alipaswa kugawanya kwa namba ya Avogadro, ile ya 602 inayofuatwa na sufuri 21. Yeye akazidisha. Mwanafunzi asiyeelewa chochote angeliandika jibu hilo, akalipigia mistari miwili chini, akaenda kulala. Mjukuu wangu alicheka kwa sababu anajua chumvi ni nini na jua ni nini. Kicheko kilikuwa kimeshaliona kosa kabla ya kalamu kulisahihisha.

Lakini si kila kicheko ni cha aina hiyo, na hapa sarufi ya Kiswahili inatufaa. Kitenzi 'cheka' kikisimama peke yake hakina madhara. Mtoto amecheka, basi. Tukiweka kiambishi cha mtendwa, maana inageuka: 'amemcheka' si habari ya furaha tena, ni habari ya dhihaka. 'Amemchekea' ni jambo jingine, kwamba amemwonyesha uso wa bashasha. 'Amecheka naye' ni jingine pia, kwani hapo wawili wamesimama upande mmoja. Kwa hivyo swali la kujiuliza darasani si kama wanafunzi wacheke au wasicheke. Ni kiambishi gani kimekaa katikati ya kitenzi: 'i' ya kemia katika 'kuicheka', au 'm' ya mtu katika 'kumcheka'?

Nimevijua vicheko vyote viwili. Nilisoma katika shule moja ya bweni Bungoma, miaka ya mwisho ya 1970. Tulifundishwa kemia kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tuliivaa kama viatu vya kuazima. Siku mwalimu alipotaja kipimo kiitwacho 'mole', mwenzetu mmoja alikimbilia kamusi ya Kiingereza na Kiswahili akarudi na jibu: fuko. Yaani yule mnyama achimbaye chini kwa chini na kutafuna mizizi shambani! Jioni hiyo tukakaa kujibu swali la kazi ya ziada: je, gramu 4 za sodiamu haidroksaidi zina mafuko wangapi? Tukapiga hesabu. Moli moja ya kitu hicho ina gramu 40, kwa hivyo jibu ni 0.1. Sehemu ya kumi ya fuko! Bweni zima likaangua kicheko. Mmoja akadai hiyo sehemu ya kumi ni mkia. Mwingine akasema fuko hana mkia wa maana, hiyo ni miguu miwili ya mbele. Sasa ni zaidi ya miaka 40, na sijawahi kusahau kuwa gramu 4 za sodiamu haidroksaidi ni sehemu ya kumi ya moli.

Jedwali la elementi nalo lilitupa burudani ambayo wenye Kiingereza chao hawakuiona. Hebu litazame kwa jicho la Kiswahili. Sodiamu ni Na, nikeli ni Ni, silikoni ni Si. Hivyo ni kiunganishi, kitenzi kishirikishi na ukanushi wake! Lithiamu ni Li, kipatanishi cha ngeli ya LI-YA. Uraniamu ni U na iodini ni I, na ukiziweka pamoja umepata ngeli ya U-I. Poloniamu ni Po, molibdeni ni Mo: yupo, yumo. Tulimtafuta 'ko' tukamkosa, mpaka mwenzetu mmoja akapendekeza tuunganishe K ya potasiamu na O ya oksijeni.

Mwenzetu huyo ndiye aliyetutungia sentensi ya kukariri elementi kumi za kwanza, kwa mfano wa mchuuzi wa sokoni: "Hapa hesabu, lipa, beba boga, chungwa, ndizi, ovakado, fenesi, nenda." Zifuate herufi za mwanzo utapata H, He, Li, Be, B, C, N, O, F na Ne. Akaendelea na kumi la pili: "Na mgeni alisema: Sina pesa, samahani..." Hapo ndipo alipokwama. Elementi iliyofuata ilikuwa klorini, Cl, na hakuna neno la Kiswahili linaloanza kwa herufi hizo. Kila tulipofika hapo tulisema "samahani" kwa pamoja, tukacheka. Ndiyo sababu naikumbuka klorini kuliko elementi nyingine yoyote: ni ya 17, inakuja baada ya kuomba radhi.

Utani huo ulizaa maswali. Kwa nini sodiamu iandikwe Na, na potasiamu K? Jibu ni kwamba alama hizi zilibuniwa na Msweden Jöns Jacob Berzelius mwanzoni mwa karne ya 19, akitumia majina ya Kilatini: natrium na kalium. Na hilo kalium lina asili ya Kiarabu, katika neno lililozaa pia 'alkali', lenye maana ya majivu ya mimea. Majivu! Mbukusu gani asiyejua majivu? Nyanya yangu alichoma mabua ya maharagwe yaliyokauka, akaweka majivu katika chombo chenye matundu, akamimina maji juu, akakinga matone yaliyochujika chini. Maji hayo, musherekha, ndiyo aliyopikia kunde na mrenda vikalainika. Humo mna chumvi za potasiamu, hasa kaboneti. Mwaka wa 1807, jijini London, Humphry Davy alipitisha umeme katika potashi, alkali ya asili hiyo hiyo ya majivu, akaipata potasiamu yenyewe. Nyanya hakujua habari za Davy, lakini uchujaji aliujua, na hakuuogopa.

Sasa nije kwenye kicheko cha pili.

Wiki moja tulikuwa maabarani tukijiandaa kupima asidi kwa alkali. Kazi hiyo inahitaji vyombo viwili vya kioo: pipeti, ya kufyonza kiasi kamili cha alkali, na bureti, ya kudondosha asidi kidogo kidogo mpaka rangi ya waridi ipotee. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja aliitwa mbele asome hatua za kufuata. Akasema "pureti". Darasa likacheka. Mwalimu akamwamuru arudie. Akajitahidi kurekebisha, akasema "bureti" barabara, lakini alipofika kwenye chombo cha pili akatamka "bipeti". Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu naye akacheka, akamrudisha mwanzo mara ya tatu.

Kiisimu, hapakuwa na ajabu yoyote. Katika Lubukusu, sauti za kupasua zenye mghuno, yaani b, d na g za Kiswahili, hutokea tu zinapotanguliwa na nazali, kama katika mb, nd na ng. Kwingineko ni p, t na k. Herufi b ya Lubukusu huwakilisha sauti laini ambayo midomo haifungi kabisa. Ndiyo maana baba kwetu ni 'papa'. Anayejitahidi kuweka b ya Kiswahili au Kiingereza mahali pake huanza kuiweka hata pasipo pake, na hivyo pipeti ikawa bipeti. Wanaisimu huliita jambo hilo usahihishaji wa kupita kiasi. Ni dalili ya mtu anayejaribu, si ya mjinga. Tena ni bahati mbaya iliyoje kwamba vyombo viwili ambavyo mwanafunzi hapaswi kuvichanganya vimetofautishwa mwanzoni na sauti zilezile!

Mpenzi msomaji, acha nikiri. Mimi pia ni Mbukusu, na siku hiyo nilicheka kuliko wote. Nilicheka kwa sauti ili mtu yeyote asikumbuke kuniita mimi mbele. Rafiki yangu alirudi dawatini, akainama, na tangu siku hiyo hakuinua mkono tena katika somo la kemia. Kuuliza si ujinga, lakini nani atauliza ikiwa swali lake litachekwa kabla halijasikika? Muhula uliofuata aliliacha somo hilo.

Leo ana duka la mbolea na dawa za mifugo mjini Bungoma. Nilipompitia mara ya mwisho, alikuwa akimweleza mkulima namna ya kuchanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe, mililita kwa lita, kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilimkumbusha siku ile, nikamwomba radhi. Akacheka. "Omwana wefwe," akaniambia, "mimi na pureti tulikosana zamani, lakini kupima napima." Nilicheka naye. Safari hii hakikuwa kicheko cha kumcheka, ila moyoni nilijua alichokipoteza.

Siwaombi walimu wa kemia wageuke wachekeshaji. Naomba mambo mawili madogo. Kwanza, mwanafunzi aruhusiwe kulipitisha wazo kwa lugha anayocheka nayo kabla hajaliandika kwa lugha ya mtihani. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo nalijua, lakini Kiswahili si mgeni katika sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na Katiba yetu ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Pili, kicheko kikizuka darasani, mwalimu asikilize kimeelekezwa wapi. Kikielekezwa kwa swali, akiache, huenda kikaleta jibu. Kikielekezwa kwa ulimi wa mtoto, akikomeshe papo hapo, wala asikiongoze yeye.

Turudi Kitale. Mjukuu wangu alifuta ile chumvi iliyolishinda jua, akagawanya badala ya kuzidisha, akapata gramu 9.7. Akaenda jikoni, akamimina chumvi kiganjani, akaipima kwa macho kama kijiko kimoja na nusu hivi. "Hii sasa inaingia kwa sufuria," akasema.

Mama yake naye akacheka, kisha akamwambia aende swali la tatu.